Salamu Moja kwa Baiskeli Nne

Asubuhi moja niliondoka kwetu Wingwi na baiskeli ya kaka yangu, na ukiniuliza nilikuwa nakwenda wapi, mpaka leo sina jibu. Nilikuwa nimekwisha acha skuli darasa la sita, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nilichoka na majibu yake. Siku ile nilitumwa muhogo shambani. Nikaiona ile baiskeli nyeusi ya chuma imeegemea ukuta, kaka amelala, na nikajiuliza njia inayopita mbele ya nyumba yetu inaishia wapi. Hilo tu. Wengine huanza kazi kwa barua ya maombi, mimi nilianza kwa wizi.

Nyinyi vijana mnaniuliza kila siku, "Bi Mize, ulianzaje?" na mnakaa tayari kusikia kwamba nilikuwa na ndoto. Sikuwa na ndoto. Nilikuwa na baibui.

Na baibui lenyewe lilinifikisha karibu na Konde tu. Kwenye mteremko mmoja mnyororo ukaliuma pindo, ukalivuta, ukalitafuna, na mimi nikafuata. Wasichana, lishikeni hili kabla ya yote: mnyororo wa baiskeli haubagui nguo ya stara na nguo ya anasa. Unakula zote. Nikabaki nimelala ubavu barabarani, nimefungwa na baiskeli kama kuku aliyetayarishwa kupelekwa sokoni.

Aliyekuja kunitoa alikuwa Mzee Faki, fundi baiskeli wa Konde, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka pale. Hakukimbia. Alikuja na mkasi mkononi, akanizunguka mara moja kama anayenunua ng'ombe.

"We ntoto wa nani?"

"Wa Wingwi."

"Wingwi nzima imekuzaa?"

Nikalivuta pindo, likakataa kutoka.

"Wendapi?"

"Sijui."

"Basi umefika," akasema, akakata baibui.

Kaka alikuja kuichukua baiskeli yake Alasiri, na kofi alilonipiga nililistahili. Lakini nilikuwa nimekwisha kaa kibandani kwa Mzee Faki saa sita, nikiuliza maswali, na yeye hakuchoka. Nikarudi kesho yake kwa miguu, na kesho kutwa. Aliyonifundisha ndiyo niliyoyatumia kazini maisha yote. Kwamba tundu la mpira ukikosa maji ya kulitafutia, upitishe mpira karibu na midomo yako iliyolowa, utausikia upepo hata ukiwa mdogo kama pumzi ya kitoto. Kwamba kiti cha baiskeli hukipimi kwa macho: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini, na mguu ukinyooka sawasawa, kaza boliti. Kwamba spoki unazigonga moja moja, na iliyolegea hujitaja yenyewe kwa sauti. Leo nawaona mna simu zinazowaambia mapigo ya moyo wenu. Vizuri. Ila sijaona simu inayomwambia mtu kwamba kiti chake kimeinama.

*

Nikaendesha, nikaendesha, mpaka Mzee Faki akaniingiza kwenye mashindano yangu ya mwanzo, Konde mpaka Wete, mimi na wanaume watupu. Tuliambiwa saa mbili asubuhi. Tukaondoka saa nne, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika, na mashindano ya baiskeli, kama mnavyojua, hayaendeshwi na baiskeli bali na mgeni rasmi.

Sasa niwaeleze nilivyoshindwa, maana kosa lile sijaona likifanywa na mtu wa nchi nyengine. Sote tumefundishwa kwenye chuo cha Kurani: aliyepanda ndiye humsalimu aendaye kwa miguu, na aendaye kwa miguu humsalimu aliyekaa. Ukiitazama amri hii ukiwa umekaa barazani ni nzuri sana. Ukiitazama ukiwa juu ya baiskeli ni mzigo, kwa sababu mwenye baiskeli amepanda, na dunia nzima iliyobaki ama inatembea ama imekaa. Wote ni wadai wako wa salamu. Na salamu ya Pemba haina breki: ukimtolea mtu salamu atakuuliza mama, ukimjibu mama atakuuliza baba, na ukiwa na bahati mbaya atamkumbuka shangazi.

Mimi nilisalimu. Kila baraza nilipunguza mwendo, kila bibi mwenye kikapu nilimwambia shikamoo, na mzee mmoja mwenye mkongojo nilishuka kabisa. Wanaume wakapita kwa kichwa, wameinama, kama hawajazaliwa na mtu. Nilipofika Wete walikuwa wamekwisha pewa zawadi, ila mgeni rasmi alikuwa bado anahutubia, kwa hiyo sikukosa kitu.

"Umesalimu wangapi?" Mzee Faki aliniuliza.

"Sikuhesabu."

"Ungehesabu. Wenzio wamepata kikombe, nawe ungepata idadi."

Baadaye nilikwenda bara, nikaajiriwa na timu, nikaendesha miaka tisa. Huko nilishinda, nilianguka, nilivunja mfupa wa bega mara mbili upande ule ule. Mwaka wa mwanzo, katikati ya mbio, mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu alipiga kelele, "Unampungia nani?"

"Yule mzee pale."

"Unamjua?"

"Ndiyo namsalimu nimjue."

Akaniambia nikisalimu tena atanigonga. Nikaacha. Nilijifunza kupita watu kama wanaume wale wa Konde, kwa kichwa, na nikawa mshindi. Sijivunii yote.

*

Niliporudi Pemba nikapewa umeneja wa timu ya wasichana. Timu ilikuwa na wasichana wanne, baiskeli nne na kamati ya watu kumi na mmoja, wanaume wote. Mwenyekiti hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, ila aliwahi kugongwa na moja, na hilo alilihesabu kuwa uzoefu.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha mavazi. Suruali iliyovaliwa chini ya gauni ni suruali, au ni sehemu ya gauni? Wajumbe walilijadili mpaka adhana. Kikao cha pili walijadili urefu wa gauni, wakaonyeshana kwa mikono, kila mtu na goti lake. Kikao cha tatu wakaunda kamati ndogo. Wakati huo wasichana walikuwa wamekwisha shona: shati pana lililofika magotini, suruali iliyobana kifundo, na ushungi uliofungwa nyuma na ncha zake kutiwa ndani ya shati, maana ushungi ukiachwa huru unajaa upepo na kukurudisha ulikotoka. Mwenyekiti alipowaona barabarani akaniuliza kwa ukali, "Nani kaidhinisha nguo hizi?"

Nikamwambia, "Cherehani."

Wasichana wenyewe nitawatajia wawili. Riziki alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mkimya, mwenye haya ya kusema na watu hata akinunua chumvi, lakini miguu yake sijaona mfano wake hapa kisiwani. Time alitoka Kisiwa Panza, mfupi, mzito kidogo kwenye vilima, na mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na baba yake, yeye akiwa ufukweni na baba akiwa majini. Wawili waliobaki walikuwa dada wa Wete, na hao walisemezana wenyewe kwa wenyewe tu, kwa hiyo sina la kuwanukuu.

Tabu yangu haikuwa miguu yao. Tabu yangu ilikuwa upepo. Adui wa mwendesha baiskeli si kilima, ni upepo. Mmoja akitangulia anaupasua, walio nyuma yake wanapumzika, halafu wanabadilishana, na hivyo wanne wanakwenda mbali kuliko mmoja hodari. Niliwaambia hivyo miezi. Niliwachorea kwenye mchanga. Hawakukubali, kwa sababu kila mmoja aliona kumfuata mwenzie nyuma ni kama anapelekwa kwa wakwe. Riziki ndiye alikuwa mbaya zaidi. Akikanyaga pedali anaondoka peke yake kama mbuzi aliyekata kamba, na baada ya nusu saa upepo unamrudisha kwetu amelegea.

Na mimi nilikuwa na makosa yangu, msidhani. Mwaka mmoja niliweka mazoezi wakati wa karafuu. Nyinyi mnajua barabara zetu zinavyokuwa wakati huo: nusu lami, nusu majamvi ya karafuu zinazoanikwa. Nikawaambia wapite upande wa kushoto. Kushoto kulikuwa na jamvi la Bi Maryamu mmoja. Walipita juu yake wote wanne, kwa mara ya kwanza kwa mstari mzuri ulionyooka kama nilivyowafundisha. Tulikaa mpaka Magharibi tunachokoa karafuu kutoka kwenye meno ya matairi, moja moja, na Bi Maryamu amekaa kwenye kibao, anatuonyesha kwa kidole: "Ile pale. Na ile. Msinifanye kipofu." Baiskeli zilinukia wiki nzima.

*

Sasa nifike kwenye barua.

Kulikuwa na mashindano Tanga, na timu moja ya bara ilikuwa inakuja pale kuchagua mwendeshaji mmoja wa kumwajiri. Walitaka asiyezidi miaka ishirini na miwili. Riziki alikuwa nayo ishirini na miwili, na mwaka ule ukipita, basi. Hakusema neno kwa mtu, ila nilimwona akiipangusa baiskeli yake mara tatu kwa siku. Kwake ilikuwa Tanga mwaka ule au hakuna Tanga tena.

Ili wasichana wasafiri ilitakiwa barua yenye saini ya sheha, mkuu wa shehia iliyokuwa na kambi yetu ya mazoezi. Shehia siitaji, kwa sababu sheha wake yupo bado na anapenda kusimuliwa yanayosemwa juu yake. Nilikwenda barazani kwake nikaikuta barua yangu iko pale, amewekea kikombe cha kahawa juu yake. Wazee wenzake watatu walikuwa wamekaa naye.

"Bi Mize," akasema Sheha, "mimi sina neno na baiskeli."

"Alhamdulillahi."

"Wala sina neno na watoto wa kike."

"Alhamdulillahi."

"Neno langu ni adabu. Kila asubuhi wanapita hapa, vuu, vuu, vuu, vuu. Hata salamu! Sisi tumekaa hapa kama magunia ya mbata."

"Na wavulana, Sheha? Wao wanasalimu?"

"Wavulana wana haraka."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali kwamba kweli, wavulana wana haraka.

"Jumamosi mna mchujo wenu, mtapita hapa," akaendelea. "Nikisalimiwa kama mtu, natia saini. Nisiposalimiwa, watoto wako wende Tanga kwa kuogelea."

Nikatoka pale nikakutana na neno la kamati. Kamati ilikuwa imekaa, imeamua: msichana atakayefika Chake zaidi ya dakika kumi baada ya mvulana wa kwanza, haendi Tanga. Kutoka Konde mpaka Chake kuna baraza ngapi, nyinyi mnazijua. Wakizisalimu zote watachelewa, na wakichelewa hawaendi. Wasipozisalimu Sheha hatii saini, na hawaendi vilevile.

Riziki alinifuata kisimani. Ilikuwa mara ya kwanza kunianza yeye maneno.

"Bi Mize, nichague nini?"

"Ngoja nikaulize," nikamwambia. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, wanangu. Niliacha skuli, kuuliza sikuacha.

Nilikwenda kwa Maalim, anayesomesha chuo karibu na kambi. Alikuwa anachonga kalamu. Nikamweleza.

"Mmoja katika kundi akitoa salamu, inawatosha wote," akasema bila ya kuinua macho. "Hili hata watoto wangu wadogo wanalijua. Weye ulikuwa wapi?"

"Kwenye baiskeli, Maalim."

"Lakini wawe kundi. Aliye nje ya kundi ana salamu yake mwenyewe."

"Na kundi ni kiasi gani? Kutoka gurudumu hadi gurudumu?"

Hapo akainua macho. "Bi Mize, unataka kunitia mashindanoni?" Akafikiri. "Mtu akiwatazama aone ni kitu kimoja. Basi. Nenda zako."

Nikarudi kambini nikawaambia wasichana: kundi ni mkono mmoja baina ya gurudumu na gurudumu, atakayezidi hapo atasalimu mwenyewe, baraza zote, mpaka Chake. Hiyo ya mkono mmoja niliiongeza mimi, Maalim hakuhusika. Time ndiye msalimiaji. Tukikaribia baraza atoke mbele, atoe salamu kwa niaba ya wote, halafu arudi nyuma apumzike na mwengine ashike upepo.

Wanangu, niliyoyasema miezi kwa mchanga na vijiti yakafahamika kwa siku moja. Riziki, aliyekuwa hataki kumfuata binadamu, aliposikia kwamba akitoka peke yake itambidi awapigie salamu wazee wasiomjua, alijibandika nyuma ya gurudumu la Time kama kigaga. Siku ya tatu walikuwa wanabadilishana bila ya mimi kusema. Siku ya tano nilisimama kando ya njia wakapita, salamu moja, baiskeli nne, na nikasikia kitu ambacho bara nilikisikia kwa timu kubwa tu: minyororo minne inalia sauti moja. Adabu ndiyo iliyowafundisha. Mimi nilikuwa meneja tu.

*

Jumamosi mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Wasichana walisimama juani Konde na tende mifukoni, kwa sababu tende ndicho chakula cha safari, na asiyeniamini ale biriani kabla ya kilima halafu aje tuzungumze. Wajumbe walikuwa kivulini kwenye viti. Mwishowe bendera ikashushwa, wavulana wakaondoka wametawanyika, wasichana wakaondoka pamoja, na mimi nikafuata juu ya pikipiki, nyuma ya dereva mmoja kijana wa Konde.

Baraza ya kwanza: "Asalaam alaykum wazee wetu!" Sauti ya Time ilitangulia kabla ya gurudumu lake. Wazee wakaitikia, wamefurahi. Ya pili hivyo hivyo. Bibi mwenye kuni alitua mzigo ili aitikie vizuri, na wasichana walikuwa wamekwisha pita. Tuliwapata wavulana wa nyuma, tukawapita, tukawapata wa kati. Nilikuwa nahesabu dakika na moyo wangu ukaanza kutulia.

Tukafika kwa Sheha. Amevaa kanzu na koti, na wazee wake watatu wamevaa vivyo hivyo, wamekaa kwa mpango kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

"Asalaam alaykum wazee wetu!"

"Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh!" wakajibu wote wanne. Na hapo Sheha akasimama, akainua mkono. "Nyinyi ni watoto wa nani?"

Swali! Swali halikuwamo katika mapatano. Salamu unaitoa unapita, lakini mzee amekuuliza wazazi wako na wewe umpe mgongo? Hakuna mtoto wa Pemba awezaye. Niliona mikono yote minane inashika breki. Niliona vidole vya Riziki vinakaza, kwa sababu Tanga ilikuwa inasimama pale pale mbele ya macho yake.

Time ndiye aliyepiga kelele. "Piteni! Msemaji mie!"

Akaweka mguu chini. Wenzake wakapita, Riziki mbele anashika upepo, na hawakutazama nyuma.

Meneja mwenye akili angewafuata watatu. Mimi nilimwambia dereva asimame, nikataka kusikia.

"Mie ntoto wa Bi Fatma wa Kisiwa Panza, babu."

"Bi Fatma yupi? Wa Haji, au mkaanga pweza?"

"Mkaanga pweza."

"Ewaa! Hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Uongo huo, Bi Fatma hakutuma salamu yoyote, lakini kuna uongo usioandikwa.

"Na babako? Na wadogo zako? Shangazi yako aliyekwenda kuolewa Mkoani keshajifungua?"

"Keshajifungua, ntoto wa kiume."

Wazee wote wakamshukuru Mungu. Mmoja akammiminia kahawa, Time akainywa, jasho linamtiririka puani mpaka kikombeni. Kisha akasema, "Babu, nipe ruhusa."

"Ruhusa, mjukuu wangu. Enda polepole."

Riziki alifika Chake amewaacha nyuma wavulana zaidi ya nusu, na wale dada wawili wakafika nyuma yake tu. Wote watatu ndani ya dakika kumi. Time alifika wakati viti vinapakiwa kwenye gari. Mwenyekiti akakata jina lake mbele ya macho yake, na nafasi yake kwenye boti akapewa mjumbe mwengine, wa kusimamia nidhamu. Walikuwa wamekwisha jiandika wajumbe saba wa kuwasindikiza wasichana wanne. Sasa wakawa wanane kuwasindikiza watatu.

*

Kesho yake nikapeleka kwa Sheha barua mpya yenye majina ya waliofuzu, boti ni keshokutwa. Akavaa miwani, akasoma majina, akayasoma tena.

"Time yuko wapi?"

"Hakufuzu, Sheha. Alichelewa."

"Alichelewa wapi?"

"Hapa."

Wazee wakamgeukia Sheha. Kisha mzee mmoja akacheka mpaka akashika ubavu. "Yakhe, weye ndo ulomweka! Na shangazi za watu!"

Sheha hakucheka. Akaweka kalamu. "Bi Mize, hawa watatu mie siwajui. Walipita vuu. Ninayemjua ni mmoja, najua na mamake. Barua hii inasema nawadhamini kwa tabia njema. Nitawadhaminije nisiowajua na nimwache ninayemjua? Muandike Time, au ondoka na karatasi yako."

Nikakimbilia kamati. Riziki alinifuata, akakaa kwenye ngazi ya mlango, baiskeli ameigeuza juu chini, anazungusha pedali kwa mkono, anazungusha tu. Kila nilipotazama nje nilimwona.

"Sheria ni dakika kumi," alisema Mwenyekiti. "Tukimsamehe mmoja, sheria itakuwa haina maana."

"Basi mpunguzieni dakika alizosimama kwa Sheha."

"Nani alizihesabu?"

"Na saa mbili za mgeni rasmi, Mwenyekiti, nani alizihesabu?"

Wajumbe wakatazama dari. Jina la Time likarudi. Lakini nafasi za boti zilikuwa zimejaa, kwa hiyo ilibidi mjumbe mmoja aachie, na hapo ndipo kilipoanza kikao chenyewe. Mmoja alisema yeye ni mtunza vifaa. Mwengine alisema Tanga ana jamaa mgonjwa. Wa nidhamu alisema bila ya nidhamu michezo haina faida. Walipendana kwa maneno na kuchukiana kwa macho muda mrefu, mpaka wakakubaliana kwa kauli moja kumwachisha mjumbe ambaye hakuja kikaoni.

Sheha akatia saini siku ile ile, na chini ya saini akaongeza kwa mkono wake: "Nawafahamu." Kwa watatu ulikuwa uongo, lakini nishasema kuhusu uongo.

*

Tukafika Tanga mchana. Wajumbe walikuwa wametangulia kushuka botini, na nyumba iliyokodiwa kwa ajili ya timu tuliikuta imejaa wajumbe. Wawili walikuwa tayari wamelala. Mwenyekiti alinieleza dirishani kwamba vijana hupata usingizi popote.

Tukazikokota baiskeli zetu mtaa hadi mtaa, hakuna katika sisi aliyewahi kuukanyaga mji ule isipokuwa mimi, na mimi niliupita kwa kichwa, sikuuona. Yaliyotokea siku ya mashindano siyasimulii mimi. Riziki yupo, mwulizeni mwenyewe, siku hizi tangu aajiriwe anasema kuliko Time. Mimi nawasimulia nyumba ya wageni.

Ilikuwa na mlango wa kijani na mama mmoja mnene nyuma ya meza. Akatutazama, wanawake watano na baiskeli nne.

"Mkuu wa msafara yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwanamme hamna?"

"Wapo saba. Wamelala."

Akafikiri, akacheka, akasukuma daftari la wageni. "Chumba kimoja kikubwa kipo. Baiskeli zikae uani."

"Haziwezi," akasema Riziki.

Sote tulimgeukia. Mama akamtazama juu mpaka chini. "Basi ziingie, ila zisiguse shuka zangu. Andika."

Daftari lilikuwa na safu nne: jina, kazi, atokako, aendako. Juu ya mstari wa Riziki wageni wengine walikuwa wameandika mkulima, dereva, mkulima, mfanyabiashara, mkulima. Aliandika jina lake. Kwenye kazi akasita, kisha akaandika kwa herufi kubwa, polepole, "mwendesha baiskeli". Neno likavuka mstari, likaimeza nafasi ya Pemba, likaenda mpaka ukingoni mwa karatasi.

Mama akaligeuza daftari asome. "Na unakokwenda hukuandika."

"Nafasi imekwisha, mama," Riziki akasema.

Mama akampa ufunguo.